Mama mkwe alianguka, nikacheka: je, nina roho mbaya?

Swali la safari hii limetoka kwa mama kijana wa Tanga. Nimelifupisha kidogo:

"Dokta, shikamoo. Naishi na mama mkwe wangu, ana miaka 66. Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kupiga deki sebuleni, vigae havijakauka. Mama akatoka jikoni na chupa ya chai, ndara zikateleza, akavuta 'Yarabiii' mpaka chini, akakaa kitako tii! Miguu imenyooka mbele, mkono wa kulia ameegemea sakafuni, wa kushoto umeikumbatia chupa kama mtoto mchanga. Nikacheka. Nikajiziba mdomo kwa kanga, kicheko ndiyo kikazidi. Nilimwinua huku nacheka. Leo siku ya tisa, ananiitikia salamu tu, neno jingine hana. Mume wangu anasema anayecheka maumivu ya mwenziwe ana roho mbaya. Mkono ule wa kulia bado anaulalamikia. Dokta, mimi nampenda mama huyu, ndiye aliyenilelea mwanangu wa kwanza. Kwa nini nilicheka? Na kwa nini mtu akijikwaa au akijigonga watu wanacheka, wakati kuumia si jambo la kuchekesha?"

Marahaba, mwanangu. Kicheko kitasubiri, nianze na mkono.

Mwanamke wa umri wa mama akianguka na kuegemea kiganja, mfupa unaovunjika mara nyingi ni wa kigasha, pale karibu na kifundo cha mkono. Unaweza kupata ufa bila mkono kupinda, na mwenyewe akaendelea kushika kikombe na kuchambua mchele akidhani ni mshtuko tu. Siku tisa ni nyingi. Mpelekeni hospitali akapigwe eksirei. Ikionekana umevunjika, mwulizeni daktari na habari ya mifupa yenyewe, maana mfupa uliovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu, kwa mtu wa miaka 66, ni dalili kwamba mifupa mingine nayo huenda imeanza kudhoofika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wale waliovuka miaka 60. Sisemi hivi kukutisha. Nasema kwa sababu hapo ndipo ugumu wa swali lako ulipo: kuanguka ni hatari ya kweli, na bado ni machache yanayotuchekesha upesi kama mtu kuanguka.

Sasa kicheko.

Mwaka juzi nilikuwa harusini. Chini ya turubai, meza ya mbele yangu, alikaa mjomba wa bwana harusi, mtu mzima, kanzu nyeupe, koti, kofia ya vito. Alikuwa ndiyo kwanza amepokea sahani yake ya pilau. Mguu mmoja wa kiti cha plastiki ukafunguka taratibu, kama mtu anayekunja goti, naye akaenda chali, polepole, sahani ameinyanyua juu kwa mikono miwili. Puu! Kwa kazi yangu nimezoea kuwatazama wanaotazama, kwa hiyo niliona jambo ambalo pengine lingenipita. Turubai zima lilinyamaza. Nusu sekunde, labda pungufu ya hapo. Na macho yote hayakwenda kwenye kiti, wala kwenye sahani, yalikwenda usoni kwake. Watu walikuwa wanasoma. Mjomba akiwa bado chali akainua sahani juu zaidi, akasema, "Pilau salama." Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, na yeye akiwa miongoni mwa wachekaji.

Fikiria lile lile kwa upande wa pili. Laiti angekunja uso na kushika kiuno, au damu ingeonekana kwenye kofia, watu wale wale wangeruka viti kumkimbilia, na mmoja angekuwa anatafuta gari. Kuanguka ni kule kule, kiti ni kile kile, watu hawajabadilika roho zao. Kilichobadilika ni habari waliyoisoma usoni katika ile nusu sekunde.

Hiyo nusu sekunde ndiyo jibu langu kwako, na mengine yote nitakayosema yanaizunguka. Macho yakiona mwili wa binadamu unapoteza mhimili, ubongo unapiga kengele: hatari! Moyo unaruka, misuli inakaza, pumzi inazuiwa kifuani. Halafu, kabla hata hujawaza, inakuja habari ya pili: hakuna kitu, mzima. Mwili uliokwisha kujiandaa kwa balaa unajikuta hauna balaa la kupambana nalo, na ile pumzi iliyozuiwa inatoka kwa vishindo. Ha, ha, ha. Unajua usiku mkisikia kishindo juu ya bati, baba akatoka na panga, watoto wamejibana nyuma ya mlango, kumbe paka? Nyumba nzima hucheka, na hakuna anayemcheka paka.

Mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran alilieleza wazo hili mwaka 1998. Kwa maoni yake, kicheko kilizaliwa kama tangazo kwa jamaa: kengele ilikuwa ya uongo, rudini kwenye shughuli zenu. Ameeleza pia habari ya mgonjwa mmoja nchini India aliyekuwa akichomwa sindano anacheka. Mgonjwa alisema uchungu anauhisi, ila haumuumizi. Wagonjwa wa aina hii huwa wameharibika sehemu ya ubongo inayoitwa insula, au njia zinazoiunganisha na sehemu nyingine: upande mmoja unatoa taarifa ya jeraha, upande wa pili hauoni tishio. Habari mbili zinazopingana zinagongana ndani ya kichwa kimoja, na kinachotoka ni kicheko. Sisi tulio wazima tunapata mgongano huo kwa kuangalia tu mtu akiteleza kwenye matope.

Kwamba ni tangazo kwa wengine kunaonekana hata katika hesabu. Robert Provine, aliyetumia miaka mingi kusikiliza watu wakicheka madukani na mitaani huko Marekani, alikuta kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Na ni tangazo la kale kuliko lugha. Sokwe nao hucheka, kwa kuhema, wanapotekenyana na kuvutana miguu. Jane Goodall aliwashuhudia kule Gombe, Kigoma. Kwa sokwe sauti ile ina maana moja iliyo wazi: nakuuma, lakini ni mchezo. Bila sauti hiyo, kuumana kungekuwa vita.

Neno la mumeo, hata hivyo, lisipuuzwe. Ni hoja ya zamani yenye wenyewe wakubwa. Mwingereza Thomas Hobbes, mwaka 1651, alisema kicheko ni utukufu wa ghafla unaotupata tunapoona upungufu kwa mwingine na kujiona bora kwa kulinganisha. Kicheko hicho kipo. Nimekisikia kwa watoto wa shule wanaomtegea mguu mwenzao mnyonge, na wengi wa watu wazima wanaokuja kwangu wakiwa na hofu ya kuchekwa, hofu inayowazuia hata kusimama mbele ya watu kuomba kazi, walijeruhiwa na kicheko cha aina hiyo. Lakini nikikisikiliza kwa makini naona hakifanani na chako. Kicheko cha dharau hakingoji ile nusu sekunde. Hakisomi uso. Damu ikitoka hakikatiki, na mkono wa anayecheka hauendi kumwinua aliyeanguka. Wako ulikwenda.

Tena Hobbes hana la kusema kuhusu kiwiko. Jigonge kiwiko kwenye mlango, pale nyuma ambapo mshipa wa fahamu unapita juu ya mfupa bila nyama ya kuukinga, ile shoti ikatembea mpaka kidole cha mwisho. Uko peke yako chumbani, na unajikuta unaguna na kucheka kwa pamoja. Hapo umemdharau nani? Mwenzake Hobbes wa kale zaidi, Aristotle wa Ugiriki, alikuwa ameshaweka mpaka mzuri kuliko wake: kinachochekesha ni kosa au ubaya usioleta maumivu wala maangamizi. Mfano wake ulikuwa kinyago cha wachekeshaji: sura imepinda, imeharibika, lakini haisemi uchungu.

Mpaka huo ndio ambao wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, waliufanyia majaribio na kuchapisha mwaka 2010. Kwa maneno yangu: ili kitu kichekeshe, lazima jambo livunjike (heshima, desturi, usalama, matarajio), na wakati huo huo lazima mtazamaji aone kwamba hakuna kilichoharibika. Moja bila la pili halitoshi. Mtu anayetembea vizuri hachekeshi, kwa kuwa hakuna kilichovunjika. Mtu aliyevunjika nyonga hachekeshi, kwa kuwa kimeharibika. Kicheko kinakaa kwenye kijia chembamba kati ya hao wawili, na ndiyo maana maumivu yanayochekesha ni ya aina fulani tu: kidole gumba kwenye mguu wa kitanda, kichwa kwenye chuma cha mlango wa daladala, reki iliyokanyagwa ikamrudi mwenyewe usoni. Yanauma kweli, na yanapita kweli. Sijawahi kusikia mtu akichekwa kwa maumivu ya jino lililooza wiki nzima.

Ila si kila kuanguka kusiko na madhara kunachekesha sawa, na hapa chupa yako ya chai ndiyo inayonivutia.

Mfaransa Henri Bergson, mwaka 1900, aliandika habari ya mtu anayekimbia barabarani, akajikwaa, akaanguka, na wapita njia wakacheka. Aliuliza: angeamua mwenyewe kukaa chini, nani angecheka? Kinachochekesha, kwake, ni kwamba mwili umeendelea na mwendo wake kama mashine wakati njia imebadilika. Pale tulipotegemea kuona mtu mwenye wepesi na akili, tumeona kitu kinachoendeshwa. Nilipokuwa mwanafunzi sikumwelewa. Nimemwelewa kwa yule mjomba na sahani yake, na sasa kwa mama mkwe wako. Dunia imempokonya mama sakafu, lakini mkono wake wa kushoto haujapata habari. Wenyewe bado unapeleka chai sebuleni. Na ile "Yarabi" iliyoanza akiwa amesimama ikaisha amekaa, kama vile ilikuwa na safari yake. Nina hakika, mwanangu, kwamba kama chupa ingepasuka, usingecheka. Chai ya moto ingefanya jambo liwe jingine kabisa.

Na jingine: Bergson alisema kicheko kinahitaji moyo ufe ganzi kwa muda mfupi. Ganzi, si kifo. Neno hilo linanisaidia sana ninapozungumza na watu wanaojilaumu kama wewe.

Kiswahili chenyewe kinajua haya yote, na kimeyaweka kwenye tanakali za sauti ambazo wageni wanaojifunza lugha yetu huhangaika nazo. Hatusemi tu alianguka. Alianguka puu! Alidondoka tii! Alitumbukia chubwi! Alikwenda chali, kifudifudi, alipigwa mweleka. Wewe mwenyewe katika barua fupi umeandika "tii", na ulipoiandika naamini ulitabasamu bila kupenda. Sauti hizo zinalifanya tukio liwe kubwa sikioni na dogo mwilini. Tukisimulia ajali ya kweli, ya basi au ya bodaboda, hatuzitumii. Tunashusha sauti, tunasema "wamepata ajali". Wachekeshaji wa majukwaani kule Italia, tangu karne ya 16, walikuwa na fimbo maalumu iliyotengenezwa kwa mbao mbili nyembamba zinazogongana: mtu akipigwa nayo inalia pa! kwa nguvu sana, na maumivu yenyewe ni madogo. Mlio mkubwa, jeraha dogo. Kwenu Tanga alitoka marehemu King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, na waliomtazama watakumbuka jinsi uso wake ulivyoweza kumwambia mtazamaji kwamba balaa hili ni la kucheka kabla yeye hajatamka neno.

Basi kama kicheko hutoka pale tu mtazamaji anapoona hakuna kilichoharibika, kwa nini mama amenuna siku tisa? Kwa sababu kwake kimeharibika.

Charles Darwin, mwaka 1872, aliandika kwamba mtoto mdogo akitekenywa na mtu asiyemjua atapiga kelele kwa hofu. Mguso ni ule ule anaofanya mama yake. Mkono tu ndio wa mtu mwingine. Kitu kinachovunja mpaka kinakuwa mchezo au kinakuwa shambulio kutegemea nani kwa nani. Wahenga wetu walilijua hilo wakaliwekea utaratibu, tukauita utani. Mnyamwezi na Mzaramo waliweza kutupiana maneno ambayo kwa wengine yangeleta ngumi. Mjukuu anamwita bibi yake "mke wangu" na bibi anajibu. Hata msibani, mtani wa marehemu anaweza kuigiza mwendo wake wa kuchechemea, akajilaza kaburini na kudai alipwe ndipo atoke, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Hakuna dharau pale, kwa kuwa kila mmoja anajua nani ana ruhusa.

Mkwe hana utani na mama mkwe. Nyanya yako angeanguka vile, ungecheka, naye angekutukana tusi tamu na kukuambia ulete kitambaa. Mama mkwe amesimama mahali pa heshima tupu, na heshima ndiyo iliyoanguka pamoja naye. Mfikirie kidogo pale chini: amekaa kitako, kanga imepanda, hajui kama ameumia au la, uso umemwiva kwa haya, na sauti ya kwanza anayoisikia, kabla ya "pole", ni kicheko cha mke wa mwanawe. Kwetu "pole" haisemwi na mwenye kosa peke yake. Mtu akijikwaa barabarani, asiyemjua hata kwa sura humwambia pole. Ni deni la papo kwa papo. Wewe ulichelewa kulilipa kwa sekunde chache, na sekunde zile ndizo anazozihesabu siku hizi tisa.

Hapa nikuambie na jambo ambalo barua yako imelisema bila wewe kukusudia. Ulijiziba mdomo, kicheko kikazidi. Sehemu ya kicheko hicho, kwa maoni yangu, haikuwa ya kufurahishwa hata kidogo. Ilikuwa ya hofu. Umepiga deki wewe, hukuonya kwamba pamelowa wewe, na aliyeanguka ni mtu ambaye hukupaswa kumwangusha kuliko wote. Mwili uliokabwa na hofu huweza kutoa kicheko kama unavyoweza kutoa machozi. Mwaka 1963 Stanley Milgram, wa Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha jaribio ambalo watu 40 waliamriwa kumpiga mtu shoti za umeme kila akikosea. Shoti zilikuwa za bandia, lakini wao hawakujua. Watu 14 kati yao walionekana wakicheka au kutabasamu kwa wasiwasi katikati ya kazi hiyo, na baadhi yao walipandwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Baadaye walijitahidi kueleza kwamba wao si wakatili na kwamba hawakufurahia. Maneno yao yanakaribia sana kuwa ya kwako. Na hapa kwetu, wasomaji wa Kagera wanaijua habari ya Kashasha, karibu na Bukoba: Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana, kicheko kilianza kwa wanafunzi wachache kikaenea mpaka 95 kati ya 159, wakicheka na kulia kwa zamu, na Machi shule ikafungwa. Hakukuwa na kichekesho chochote. Wataalamu waliolichunguza baadaye wengi wameliona kuwa ni msongo wa mawazo uliotafuta mlango wa kutokea.

Kicheko cha kweli hakiko chini ya amri yako kama ilivyo mikono yako. Jaribu sasa hivi kucheka kwa kutaka, usikie kinavyotoka kibichi. Na kilichokuja bila ruhusa ni kigumu kukirudisha. Kwa hiyo sikuhukumu kwa sekunde tatu za mwanzo. Mtu yeyote mwenye ubongo mzima angeweza kupatwa nazo. Wala usiamini kwamba mwenye huruma hacheki. Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake, London, waliwapima ubongo wanawake 16 waliokuja na wapenzi wao. Mwanamume alipotiwa maumivu mkononi, ndani ya ubongo wa mwanamke ziliwaka baadhi ya zile sehemu zinazowaka yeye mwenyewe akiumizwa, ile insula ikiwemo. Yaani maumivu ya tunaowapenda yana njia ya kuingia ndani yetu. Kengele inalia kwa sauti zaidi kwa mtu wa nyumbani, na inapogundulika ni ya uongo, pumzi inayotoka ni kubwa zaidi. Nimeona hili mara nyingi mno kwa mama na mtoto anayejifunza kutembea: mtoto anaketi pu, mama anashtuka mpaka mkono unakwenda kifuani, kisha anacheka, na mtoto aliyekuwa anautazama uso wa mama ajue kama alie au asilie naye anacheka. Sijui mapenzi gani yaliyo wazi kuliko hayo.

Sasa ufanye nini. Usimweleze mama habari za ubongo, wala barua hii usimsomee. Akirudi kutoka eksirei amepumzika, kaa chini kuliko yeye, mkekani, umwambie: "Mama, siku ile nilipaswa kukwambia pamelowa, sikukwambia. Na uliposhtuka mimi nikacheka badala ya kukupa pole. Nisamehe mama." Basi. Usiongeze "lakini sikukusudia", kwa maana hapo utakuwa unamwomba akuhurumie wewe. Usitabasamu. Mumeo asiwepo, mkwe na mama mkwe wakipatana mbele ya shahidi hupatana nusu. Na hizo ndara zilizolika soli zitoe ndani ya nyumba, na siku za deki weka kiti mlangoni mpaka pakauke.

Halafu subiri, na usijaribu kulifanya tukio lile liwe kichekesho, hata utakapoona amelainika. McGraw na Warren, katika kazi waliyoitoa mwaka 2012 pamoja na wenzao, waliona kwamba ajali ndogo, kama kujigonga kidole, huchekesha zaidi ikiwa ya jana kuliko ya miaka mitano iliyopita. Ajali kubwa, kama kugongwa na gari, ni kinyume chake: ya jana haichekeshi, ya zamani inaweza. Kwako wewe alichopata mama ni kidole. Kwake yeye ni gari. Mnahesabu siku kwa kalenda mbili.

Nilijifunza hili kabla ya kusoma lolote kati ya haya. Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua. Masika moja, alfajiri, alikanyaga ukingo wa mtaro uliojaa maji akatumbukia mpaka kiunoni na beseni lake kichwani, na vitumbua vikaelea kwenda zao mbele ya nyumba za watu. Alirudi nyumbani akalia, na sisi watoto tukanyamaza, maana ule ulikuwa mtaji wote wa wiki. Tulikula uji mtupu siku kadhaa. Ule mtaro haukutajwa ndani ya nyumba kwa mwaka mzima au zaidi. Kisha jioni moja, shangazi amekuja, mama akaanza mwenyewe, bila kuulizwa: jinsi alivyotembea kwa maringo na beseni lake, jinsi jogoo wa jirani alivyowika, jinsi mguu ulivyokwenda kushoto na yeye akabaki kulia. Tukakodoa macho, hakuna aliyethubutu. Alipofika kwenye "chubwi!" akapiga kofi, akaeleza kitumbua cha kwanza kilivyompita puani kikielea kama mashua, na akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta. Ndipo tukacheka na sisi. Toka siku hiyo akawa anaisimulia kila masika, na mtaro ukawa mrefu zaidi kila mwaka. Na kila mara, hata tulipokuwa watu wazima wenye watoto, tulifika pale kwenye "chubwi" tukamtazama usoni kwanza.